Elimu, Mizani na Njia ya Misafara

HOTUBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili ya kutafakari, jicho la kuangalia na ulimi wa kueleza. Tunamshukuru kwa neema ya Uislamu, na tunamwomba msaada wake na msamaha wake. Tunashuhudia kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba wake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia sisi wenyewe na tunawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Nanyi akina mama, wazee na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, kuanzia Dodoma mjini hadi Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Manyoni, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu Waislamu, hapana kijana wa Kiislamu asiyepata kusikia kwamba Waislamu wa kale walikuwa mabingwa wa hesabu, wa utabibu na wa elimu ya nyota, na kwamba vyombo vyao vilivuka bahari mpaka Bara Hindi na China. Maneno hayo ni kweli. Lakini wapo wanaoyasema kama mtu anayewahesabia wageni ng'ombe wa babu yake, ilhali zizi lake mwenyewe ni tupu. Wageni watamsikiliza kwa adabu, kisha wataondoka, naye atabaki bila maziwa.

Kwa hivyo leo tunataka kuliuliza jambo hili kwa namna nyingine. Dini hii ilitoka Makka na Madina ikafika katika nchi yetu hii ya kati, nchi ya miiba, ya mibuyu na ya mvua chache. Je, ni kitu gani hasa kilichoifikisha? Ni mali? Ni nguvu? Au ni jambo jingine? Tukilijua jibu, tutajua pia ni wajibu gani uliotuangukia sisi tuliopo leo.

Na tuanzie baharini. Katika Suratul-Quraysh Mwenyezi Mungu anawakumbusha Makureshi neema ya safari zao mbili za biashara, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Watu wa pwani yetu nao walikuwa na misimu yao miwili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha kwao. Kwa pepo hizo mbili watu walibadilishana bidhaa, wakaoana, wakajifunza lugha, na dini ikaingia. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, yamepatikana mabaki ya misikiti ambayo wataalamu wanaikadiria kuwa ilianza tangu karne ya 8. Huko Kizimkazi, Unguja, maandishi yaliyochongwa msikitini yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akaikuta ni mji mkubwa wenye ibada, na akausifu ukarimu wa sultani wake kwa mafakiri na wageni. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe, na dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake.

Hayo ndiyo tunayopenda kuyasimulia. Lakini yatazameni vizuri, ndugu zetu. Mwandishi al-Masudi alieleza katika karne ya 10 kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na China. Ndovu hawakai ndani ya bahari. Bidhaa za bara zilikuwa zikitembea tangu zamani hizo. Hata hivyo, kwa muda unaokaribia miaka 1,000 dini ilikaa pwani na visiwani, na uwanda huu wetu haukuisikia adhana. Hapa pana funzo la kwanza. Bidhaa inaweza kusafiri miaka 1,000 bila ya dini kufuatana nayo. Biashara hufungua njia tu. Ila njia peke yake haimfundishi mtu kusema shahada.

Katika karne ya 19 njia ilifunguka hasa. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikaendelea mpaka Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Msafiri aliyekwenda kwa miguu kutoka pwani mpaka Tabora alitumia yapata miezi mitatu, na wengine zaidi. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba merikani, kaniki, ushanga na masango wakienda bara, na pembe za ndovu wakirudi. Kabla ya kuingia Ugogo walivuka pori la Marenga Mkali, jina linaloashiria maji machungu. Wakisha kutoka Ugogo walikabiliwa na pori jingine, Mgunda Mkali. Katikati ya mapori hayo mawili ndipo palipokuwa na visima, nafaka na ng'ombe wa Wagogo.

Kwa hivyo wazee wa nchi hii hawakuwa watu wa kupitwa tu na historia. Maji yalikuwa yao, na chakula kilikuwa chao. Watemi wa Ugogo walitoza hongo, na tajiri wa pwani, hata awe na bunduki ngapi, alikaa akangoja mpaka shauri limekwisha, kwa kuwa watu wake na punda wake hawakuweza kuishi bila ya maji. Wasafiri wa Kizungu waliopita hapa, akina Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, wote walilipa na wote walinung'unika.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mimbari haikuwekwa kwa ajili ya kusema nusu ya ukweli. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Walichukuliwa watoto kutoka kwa mama zao, wakatembezwa kwenye jua la uwanda huu, na wengi wao hawakufika. Miongoni mwa waliowauza na waliowanunua walikuwamo watu waliosali sala tano, pamoja na watu wa dini nyingine na watu wa kabila za bara zenyewe. Hatuwezi kulificha jambo hilo, wala dini haituombi tulifiche. Katika Suratul-Balad Mwenyezi Mungu amekutaja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani, ile nzito ambayo mwanadamu hapendi kuipanda. Na mwadhini wa kwanza wa Mtume (S.A.W.), Bilal (R.A.), alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Basi aliyefanya kinyume cha hayo alipita katika ardhi yetu akiwa amelibeba jina la Uislamu mdomoni, na akiwa ameuacha Uislamu wenyewe nyuma yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Seyyid Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Hata hivyo, hapa Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922.

Sasa tazameni hekima ya Mwenyezi Mungu. Wakati ambapo matajiri wakubwa wa misafara walikuwa katika kilele cha nguvu zao, watu wa bara walioingia katika dini walikuwa wachache. Wengi wa matajiri hao hawakuja kufundisha. Walikuja kutafuta pembe. Uislamu ulienea sana bara baada ya utawala wa matajiri hao kuvunjika, wakati wa Wadachi na baada yake, pale ambapo Mwislamu hakuwa na bunduki wala mamlaka ya kumtisha mtu yeyote. Nani basi aliyeifikisha dini? Aliifikisha mpagazi aliyerudi kijijini kwake akiwa amejifunza kutawadha. Aliifikisha mchuuzi mdogo aliyeuza chumvi na kaniki, ambaye watu waliona kwamba hawadhulumu. Aliifikisha fundi cherehani, na mwalimu wa chuo aliyewakusanya watoto chini ya mti, akawaandikia herufi ubaoni, asiwe na mshahara ila sahani ya ugali.

Waliifikisha pia masheikh wa tarika. Tarika ya Kadiria ilienezwa Unguja na pwani na Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, nayo ikafika bara hadi Tabora na Ujiji. Na huko Bagamoyo, kwenye mlango wa njia yetu ya misafara, kiongozi wake mashuhuri alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Huyu hakuwa mtoto wa tajiri. Alitoka upande wa Manyema, Kongo ya mashariki, akaletwa pwani angali mtoto, akiwa mtumwa. Katika mji ule ule alipofikishwa kama mali ya mtu, alisoma mpaka akawa mwanachuoni, na watu waungwana wakakaa chini mbele yake wakimsikiliza. Alifariki mwaka 1931. Minyororo haikumfikisha hapo. Elimu ndiyo iliyomwinua.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita hapa Dodoma, na mwaka 1914 ukafika Kigoma. Kandokando ya reli, na katika miji ya zamani kama Kondoa, zikazaliwa jumuiya za Waislamu. Leo ndugu zetu Warangi wa Kondoa ni miongoni mwa watu wa bara wanaojulikana kwa wingi wa Waislamu wao. Na kati ya Wagogo, ambao wengi wao ni Wakristo, wako ndugu zetu wa dini na wako majirani tunaozikana na kupongezana nao. Hakuna aliyelazimishwa, wala dini hii hairuhusu kulazimishana.

Hilo ndilo jibu letu la kwanza. Dini ilifika kwa miguu ya watu wadogo waliokuwa na vitu viwili: elimu, hata iwe kidogo, na mizani isiyopunja.

Ndugu Waislamu, tutazame na upande wa sayansi, kwani huko nako tutaikuta habari ile ile. Watu wengi hudhani kwamba wanachuoni wa kale walitafuta elimu ili waonekane wakubwa. Sivyo. Nyingi katika elimu zao zilianza na swali la Mwislamu wa kawaida anayetaka kutimiza wajibu wake.

Swali la kwanza: nisali nikielekea wapi? Sisi tulioko Dodoma tunaelekea kaskazini, tukiegemea mashariki kwa nyuzi zipatazo 8, na kutoka hapa mpaka Makka ni zaidi ya kilometa 3,000. Je, aliyeko Andalusia ataelekea wapi? Na aliyeko Khorasan? Ili wajibu, iliwapasa wajue umbo la dunia, mahali pa kila mji juu yake, na hesabu za pembetatu zinazochorwa juu ya mviringo. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya kutafuta mahali hasa ulipo mji, na moja katika makusudio yake lilikuwa kupata kibla cha mji wa Ghazna, ulio katika Afghanistan ya leo. Ni yeye pia aliyepanda mlima, akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka, na kwa kipimo hicho akahesabu ukubwa wa dunia. Huko Damascus, katika Msikiti wa Bani Umayya, palikuwa na mtu aliyewekwa kwa kazi ya kupima nyakati za sala. Mmoja wao, Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, ni katika mabingwa wakubwa wa elimu ya nyota. Mahali pake pa kazi palikuwa msikitini.

Swali la pili: mirathi igawanywe vipi? Wakati wa Khalifa al-Maamun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, aliishi Baghdad Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi, kwani mwenyewe alieleza kuwa watu wanaihitaji hesabu hiyo katika urithi, katika biashara, katika kupima ardhi na kuchimba mifereji.

Hebu tuichukue hesabu hiyo tuilete hapa kwetu Ugogo. Mtu amefariki. Wazazi wake walikwisha kufa kabla yake. Madeni yake yamelipwa, na wasia wake umetimizwa. Amebakiza ng'ombe 40, mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumuni, yaani ng'ombe 5. Wamebaki 35. Kila mtoto wa kiume ana mafungu mawili na binti ana fungu moja, jumla mafungu matano. Kila fungu ni ng'ombe 7. Basi kila mwana wa kiume atachukua ng'ombe 14, na binti atachukua 7. Jumlisheni: 5, na 14, na 14, na 7. Ni 40 kamili.

Tumeitaja hesabu hii kwa makusudi. Ni mara ngapi mjane ametolewa nyumbani akiwa na sanduku lake tu? Ni mara ngapi binti ameambiwa kwamba yeye amekwisha kuolewa, hana fungu kwa baba yake? Kisha ndugu wa kiume, aliyewala ng'ombe 7 wa dada yake, hukaa barazani akajisifu kwamba aljebra ni elimu ya Waislamu! Elimu hiyo, ewe ndugu yetu, iliandikwa ili dada yako apate haki yake. Siku ya Kiyama itakuwa shahidi juu yako.

Swali la tatu: tunywe nini? Nchi yetu ni kavu, na tunajua thamani ya kisima. Mwanahesabu mwingine wa Baghdad, al-Karaji, mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika kitabu juu ya kuyatoa maji yaliyofichikana ardhini: dalili zake, namna ya kuchimba, na namna ya kuyapitisha katika mifereji ya chini kwa chini. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umekunywa maji yanayovutwa kutoka chini ya ardhi huko Makutupora. Kijana wa Kiislamu anayesomea elimu ya miamba na maji, akakipatia kijiji kimoja kisima chema, amemfuata al-Karaji kwa vitendo, na amejiwekea sadaka inayoendelea.

Tena tusijidanganye kwamba wanachuoni hao walianza kila kitu wenyewe. Tarakimu walizipokea kutoka kwa Wahindi, na al-Khwarizmi alieleza wazi kuwa ni hesabu ya Wahindi. Vitabu vya tiba vya Wayunani vilitafsiriwa Baghdad na Hunayn bin Is-haq, aliyefariki mwaka 873, naye alikuwa Mkristo. Waislamu hawakuona haya kujifunza kwa asiyekuwa wa dini yao. Walichukua, wakasahihisha, wakaongeza, wakawapa wengine. Ibn Sina alikamilisha kitabu chake cha tiba, al-Qanun, yapata mwaka 1025, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha mpaka karne ya 17. Elimu ilipokewa kwa mikono miwili na ikatolewa kwa mikono miwili.

Na baraka hiyo ilitufikia hata sisi, pengine bila ya kujua. Mtoto wa Chamwino au wa Kolo anapohesabu darasani, akasema sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, anasema maneno yenye asili ya Kiarabu. Akisema sifuri, amelitaja neno lile lile walilolitumia wanahesabu wa Baghdad. Mchuuzi anayesema rasilimali, mizani, hesabu na amana anaendelea kusema lugha ya masoko yale ya zamani. Maneno tumekwisha kuyarithi. Lililobaki ni kuyatimiza.

Tunasema maneno haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu atughufirie sisi na ninyi na Waislamu wote. Basi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumeona kwamba dini ilifika huku kwa elimu na uaminifu. Sasa hatuna budi tujiulize kama vitu hivyo viwili vingali vikionekana kwetu.

Kwanza, mizani. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, akakuta chini imelowa. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akamwonya kwamba mwenye kudanganya hayumo pamoja naye. Nchi hii ni nchi ya nafaka. Kila mwaka mtama, mahindi, alizeti na karanga hupita katika masoko yetu. Basi anayemnunulia mkulima kwa lumbesa, akamlipa bei ya gunia la kawaida. Anayekunja kitako cha debe. Anayetia mchanga katika karanga. Huyo ajue ya kwamba anabomoa msikiti uliojengwa na mchuuzi yule wa zamani aliyekuja kwa miguu. Yule aliwaita watu kwa kipimo kamili. Huyu anawafukuza kwa kipimo pungufu, hata kama kofia yake ni nyeupe.

Jambo hili ni zito zaidi kwetu watu wa Dodoma. Tangu ilipoamuliwa mwaka 1973 kuwa hapa pawe makao makuu ya nchi, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, watu wanatujia kutoka kila mkoa. Zamani wageni walikuja na misafara; leo wanakuja kwa mabasi na kwa treni. Wengi wao hawatasikia hotuba hii, wala hawatafungua kitabu cha dini yetu. Kitabu watakachokisoma ni sisi wenyewe: dukani, ofisini, na katika nyumba tunazowapangisha.

Pili, elimu. Mtume (S.A.W.) ameifanya elimu kuwa faradhi kwa kila Mwislamu, na ujumbe wa kwanza uliomshukia ulikuwa ni amri ya kusoma. Enyi wazazi, msiwalazimishe watoto wenu kuchagua baina ya chuo na shule, kama kwamba viwili hivyo ni maadui. Al-Biruni alikuwa akitafuta kibla, na katika kukitafuta akaipima dunia. Wala msimbakishe binti jikoni kwa kisingizio cha dini. Mama wa Waumini Bibi Aisha (R.A.) alikuwa mwalimu wa masahaba, na watu wazima walimwendea kumuuliza mambo ya sheria na ya urithi. Binti anayeozwa kabla ya kumaliza masomo yake amenyang'anywa kitu ambacho Mwenyezi Mungu amemfaradhishia.

Nanyi wanafunzi, mlioko sekondari na mlioko katika vyuo vyetu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, tunawausia. Mkiulizwa Waislamu wameifanyia nini sayansi, mna haki ya kumtaja al-Khwarizmi na Ibn Sina. Lakini yuko mwulizaji mwingine, naye atauliza: na wewe je? Jibu la swali hilo halimo katika historia. Limo katika daftari lako la hesabu, katika chumba cha majaribio, na katika saa za usiku unazokesha ukisoma. Wafu wamekwisha kutoa hesabu yao. Thawabu zao ni zao. Sisi hatutaulizwa walivumbua nini, bali tutaulizwa tulifanya nini na akili tuliyopewa.

Na tatu, kila mwenye nyumba akirudi leo kwake, na afanye jambo moja. Kama kuna mirathi iliyokaliwa, iwe ni ng'ombe, shamba au kiwanja, na amwite mjane au dada mwenye haki, waketi pamoja na mwenye elimu, wahesabu. Asingoje mwakani. Hapana aliye na hati ya kuishi mpaka mwakani.

Ewe Mola wetu, tunakuomba utuongezee elimu yenye manufaa, na utukinge na elimu inayokaa ulimini isishuke moyoni. Ewe Mola wetu, zisafishe mizani zetu na chumo letu, na uwape wajane na mayatima haki zao kwa mikono yetu kabla hujawapa kwa kutuadhibu. Uwarehemu walimu wa zamani waliotembea katika njia hii, wale ambao majina yao tunayajua na wale ambao unawajua Wewe peke yako. Uwarehemu waliodhulumiwa katika njia hii hii, walioanguka na hawakuzikwa. Ibariki nchi yetu kwa amani, utupe ujirani mwema na wote tunaoishi nao, na uinyeshee ardhi yetu kavu mvua yenye kheri, isiyochelewa na isiyoharibu.

Mola wetu, tupe mema duniani na Akhera, na utuepushe na adhabu ya Moto. Amin.

Inukeni mwende katika Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.